Kifurushi cha Nane

Kabla ya kuanza, mkufunzi alipitisha kikapu na kila mtu akatumbukiza simu yake humo. Kisha akafunga mlango wa ukumbi, akatia komeo, akasema kwa tabasamu kwamba leo ni siku ya kufikiri, na mtu hawezi kufikiri huku jicho moja liko nje. Watumishi ishirini na wawili wa hospitali wakacheka. Wa ishirini na tatu, aliyekaa safu ya pili kando ya dirisha lisilofunguka, hakucheka. Makwapa yake yalikuwa yameshalowa hata semina haijatajwa jina.

Jina lenyewe lilikuwa refu: Nadharia za Maadili na Jinsi Watu Wanavyofanya Maamuzi. Mkufunzi aliliandika lote ubaoni, polepole, kwa mwandiko wa mtu anayelipenda.

Kazini wengi waliitwa kwa vyeo, lakini huyo asiyecheka waliamua kumwita Mvuke. Alihudumia mashine ya mvuke inayotakasa vifaa vya upasuaji, na kila alipotoka kwenye chumba hicho uso ulimng'aa kwa jasho, basi jina likamkaa miaka tisa. Mkubwa wa chumba alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Wifi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Wifi ndiye aliyemlea huyo mume tangu mama yao alipofariki. Na wifi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne tu astaafu. Leo walikaa bega kwa bega, wifi akijipepea kwa karatasi ya ratiba na kumpepea Mvuke kidogo pia, kama anavyofanya siku zote.

Mvuke alitamani asipepewe.

Kazi yao si ngumu kuieleza. Vifaa huoshwa, hukaushwa, hufungwa kwa kitambaa mara mbili, kisha hubandikwa utepe wenye mistari hafifu. Kifurushi kikikutana na joto la mashine, mistari inakuwa myeusi. Thieta, chumba cha upasuaji, wanaangalia utepe, wakiona weusi wanafungua. Lakini utepe una ujinga wake. Unajua kwamba kifurushi kimeona joto, haujui kimekaa ndani kwa muda gani. Muda uko kwenye daftari, na daftari, Mungu atusamehe, hujazwa kwa mkupuo. Anayepakia mashine huandika saa ya kuingiza, na hapo hapo huandika saa ya kutoa, nusu saa mbele, kwa sababu akishavaa zile glavu nene hashiki tena kalamu. Wote hufanya hivyo. Wifi ndiye aliyewafundisha.

Siku kumi na moja zilizopita Mvuke alipakia vifurushi vinane vyenye namba moja ya mzigo, akaandika nusu saa mbele. Dakika ya kumi na mbili, thieta wakapiga simu mara ya pili: kuna mama anavuja damu na mtoto bado yuko tumboni, leteni kifurushi au njooni mumpasue wenyewe kwa kucha. Alifungua. Mistari ilikuwa myeusi tii. Akatoa kimoja, kikakimbizwa, mama akapona na mtoto akalia. Vile saba vingine angeweza kuvirudisha ndani. Alikuwa amechoka, utepe ulikuwa mweusi, daftari lilisema nusu saa. Akavipanga rafuni.

Siku ya tano mshono wa yule mama ukaanza kutoa usaha. Mpaka leo amelala wodini, homa haishuki, na madaktari wanabadilisha dawa kama mtu anayejaribu funguo za jirani. Labda si kifurushi. Vidonda huoza kwa sababu mia moja, na Mvuke alikuwa amezihesabu zote, zikaishia pale pale. Bila kumwambia mtu, alivikusanya vifurushi sita vilivyobaki rafuni, akavirudisha kwenye mashine na kuisimamia nusu saa nzima bila kuketi. Cha nane kilikuwa kimeshahamia kabati la thieta. Ukitaka kutoa kitu kule unajaza fomu, na fomu ina mstari unaouliza sababu. Alikwenda mara mbili. Mara zote mbili sista mkuu wa thieta alimwuliza amsaidie nini, na mara zote mbili akajibu kwamba alikuwa anapita tu.

Na leo ilikuwa siku ya upasuaji wa kupangwa. Wagonjwa sita walikuwa kwenye orodha. Kifurushi kile kingeweza kufunguliwa saa yoyote, na yeye amefungiwa humu anafundishwa wema.

"Watu wote wanaoamua jambo zito," mkufunzi alisema, "wanapita mojawapo ya njia tatu. Wa kwanza anatazama matokeo: nani ataumia, nani atapona, wapi wengi zaidi. Wa pili anatazama wajibu: kuna mambo ni lazima, na kuna mambo hayafanywi hata dunia ikipinduka. Wa tatu anajiuliza mtu mwema, mtu kamili, angefanya nini hapa."

Alibandika karatasi kwenye kona tatu za ukumbi: MATOKEO, WAJIBU, TABIA. Kisha akatoa mfano.

"Mwokaji mikate ana wafanyakazi kumi na wawili. Alfajiri anakuta balbu imepasukia juu ya beseni la unga. Mikate imeshaondoka kwa baiskeli. Kwa hesabu yake, kipande cha kioo kimeingia kwenye mkate mmoja tu. Akitangaza, watu watapona, lakini kiwanda kitafungwa na wale kumi na wawili watakosa kazi. Akinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Afanyeje? Simameni, kila mtu aende kwenye kona yake."

Mvuke aliinua kichwa. Huyu kijana ametumwa na nani? Alimtazama usoni, akaona uso safi wa mtu aliyekunywa chai vizuri na asiyejua lolote. Ulikuwa mfano tu. Lakini ukuta ulikuwa umemsogelea hatua moja.

"Mwalimu," mbeba machela akasema, "mimi tangu niambiwe nina sukari mkate siugusi. Naruhusiwa kubaki nimekaa?"

Ukumbi ukaangua kicheko, viti vikakwaruza sakafu, watu wakaenda kwenye kona. Mbeba machela mwenyewe akaenda TABIA, akidai ndiko kuna kivuli. Sista mkuu wa thieta akasimama WAJIBU, mikono kifuani, kama askari wa zamu. Wifi akajikokota na magoti yake mabovu mpaka MATOKEO, akageuka na kumkazia macho Mvuke.

"Mimi nasema hivi," wifi akaanza kwa ile sauti ndogo iliyomlazimisha kila mtu kunyamaza. "Huyo mwokaji ana akili au hana? Kama anazo, hapigi kelele. Anapanda baiskeli yake, anaufuata ule mkate, anaununua, anautia moto. Kimya kimya. Asubuhi inayofuata watu kumi na wawili wako kazini, watoto wao wanakula, na hakuna aliyekatwa ulimi. Huo ubaya uko wapi? Watu wanapenda kusema ukweli ili walale vizuri wao. Wengine ndio wanalipa."

Kona yake ikapiga makofi. Mkufunzi akaandika ubaoni: kurekebisha kimya kimya. Alifurahi sana.

Mvuke alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, peke yake, kama aliyesahau alikokuwa anakwenda. Ilimuuma kwamba maneno ya wifi yalikuwa mazuri. Aliyapenda. Angeweza kuyavaa na kurudi nayo nyumbani. Hajui lolote huyu mama wa watu, aliwaza, ananitetea bila kujua ananitetea kwa lipi. Nikifungua mdomo nitamzika na ile sahihi yake anayoitia kila ukurasa wa daftari. Nisipofungua, kile kifurushi.

"Mama," mkufunzi akamwita, "wewe huna msimamo?"

"Nina swali."

"Uliza."

"Baiskeli sasa hivi imefika wapi?"

Mkufunzi akatabasamu. "Hapana, katika mfano wakati umesimama. Tunampa mwokaji nafasi ya kufikiri."

"Nani kamwambia mwenye baiskeli asimame?"

Watu wachache wakacheka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Mgonjwa wa pili, aliwaza Mvuke, anaingizwa sasa hivi.

"Swali zuri," mkufunzi akasema, "ila halimo kwenye mfano. Chagua kona, mama, wenzako wanakusubiri."

Aliangalia mlango, akaangalia lile komeo. Aliona wazi kwamba angeweza kwenda MATOKEO, akasimama nyuma ya mgongo mpana wa wifi, na mchana wakala na wakaenda nyumbani. Mguu wake wa kulia ulishaanza safari. Hakujipenda alipouona ukienda.

"Wifi," akasema, "na kama mkate umeshaliwa?"

"Nini?"

"Umesema anaufuata, anautia moto. Kama mtu ameshaula? Amelala, tumbo linamkata, madaktari wamemzunguka wanauliza amekula nini, na hakuna anayewajibu. Mwokaji anajua. Anapita nje ya dirisha lake kila siku akienda kazini. Anamtia moto na yeye?"

 Wifi alitikisa kichwa taratibu, mara moja, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse kitu. Na hapo ndipo Mvuke alipojua kwamba wifi hazungumzii mikate.

Angenyamaza hapo. Bado kulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini maji yalikuwa yamefika shingoni, na akasema akimwelekea sista mkuu wa thieta, haraka. Akataja tarehe. Akataja namba. Dakika kumi na mbili, akasema, si thelathini. Thelathini niliiandika kabla sijafunga mlango wa mashine. Kimoja kilimpasua yule mama wa wodini mwenye homa. Sita nimevirudia. Cha nane kiko kwenye kabati lako, na nakuomba upige simu sasa hivi wasikifungue.

 Mkufunzi alibaki na chaki hewani. Mbeba machela, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alifika mlangoni kwa hatua tatu na kufungua komeo. Sista alishaanza kupekua kikapu cha simu.

"Kwa thieta usihangaike," wifi akasema. "Hakipo."

Sista akasimama na simu tatu za watu mkononi.

"Nilikitoa juzi. Kwenye fomu niliandika kitambaa kimechanika. Kiko kwenye kabati langu la nguo." Akavuta pumzi. "Piga wodini. Mwambie daktari aliyoyasema wifi yangu. Hayo ndiyo hawayajui."

Sista akatoka mbio, viatu vikilia kwenye korido ndefu ya nje.

Mvuke alimgeukia. "Ulijua," akasema.

"Vifurushi sita vya namba moja vimeingia mashineni mara mbili, nisijue? Mimi kipofu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?" Sauti ya wifi ilibaki ndogo vile vile. "Nilisema nikikuambia utakuwa na mtu wa kulia naye, na ukishalia utasema. Nikaona nilimalize mwenyewe. Nimekupigia mfano mzima hapa mbele za watu, nimekukodolea macho mpaka yameniuma, unisikie. Hukusikia."

Mvuke akapiga hesabu. Siku mbili hizi hakukuwa na kifurushi chochote cha kuogopa. Angevuka leo akiwa kimya na hakuna mgonjwa wa thieta ambaye angeguswa. Alijaribu kujutia alichosema, akajikuta anafika mpaka kitanda cha wodini na kukwama hapo.

"Nisamehe," akasema.

"Sijakusamehe."

Mkufunzi akakohoa, akapendekeza kwa unyonge kwamba wapumzike kidogo. Hakuna aliyemtazama. Karatasi zake tatu zilikuwa bado ukutani, na kona zote zilikuwa tupu. Watu walikuwa wamejikusanya katikati bila kuambiwa.

Ofisi ya metroni, mkuu wa wauguzi, ilikuwa ghorofa ya pili. Walipanda wawili tu, kwenda kujieleza. Wifi alitangulia, akishika ukingo wa ngazi, akipumzisha magoti kila baada ya vidato vitatu, na Mvuke alisimama nyuma yake kila aliposimama, asijue kama anaruhusiwa kumshika mkono. Chini walisikia simu ya wodi ikiita na ikipokelewa. Kama dawa ingewahi au haingewahi, hakuna aliyejua bado.

Kwenye kidato cha mwisho wifi akageuka.

"Nyumbani usianze wewe," akasema. "Nitamwambia mimi."

"Hapana, wifi. Kosa ni langu."

"Sikiliza. Yule mdogo wangu nimemlea, namjua. Ukianza wewe atasikia kwamba umeniponza, na hatasikia kitu kingine mpaka anazeeka. Nikianza mimi nitamwambia kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kuandika saa kabla ya saa. Atanikasirikia mimi."

"Na wewe je?"

"Mimi nina nyumba yangu. Wewe unalala naye chumba kimoja."

Akajifuta uso kwa ile karatasi ya ratiba, akaikunja, akagonga mlango wa metroni.