Wimbo wa Kuwakaribisha Wageni

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilimkuta Ruti amepiga magoti shambani, akiokota buni mbichi. Mikahawa ilikuwa imekatwa asubuhi ile kwa mashoka, mistari saba mizima, na matawi yalilala chini na mzigo wake wote. Buni zile za kijani zilikuwa hazifai kuuzwa wala kunywewa. Aliziokota tu, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure.

Redio ilikuwa ya jirani, imetundikwa mlangoni na kufunguliwa kwa sauti ya juu.

"Wakazi wa Hasyombe Juu wamekubali kwa hiari yao kupisha mradi wa maporomoko," ilisema sauti ya Jofrey, mtangazaji wa Redio Safu. "Kivutio hicho kinatarajiwa kuutangaza mji wetu wa milimani ndani na nje ya nchi. Ofisa utamaduni wa mji, Bwana Mika, amewapongeza wakazi hao kwa uzalendo wao."

Wakazi wenyewe walikuwa mtu mmoja na mkewe. Mwenye shamba alikuwa Raphaeli, mume wa Ruti, na siku hiyo alikuwa anatimiza siku ya tatu mahabusu kwa kosa la kuzuia kazi ya maendeleo. Ulikuwa mwezi wa Juni mwaka 2011, wakati ambapo Hasyombe nzima hulala imejikunyata na maji ya ndooni huuma vidole. Mahabusu kulikuwa na sakafu ya saruji, basi.

Alipoachiwa alirudi kwa miguu, ameshika ubavu. Ruti alimchemshia maji, akampaka mafuta, akamfunika kwa mablanketi yote mawili ya nyumba ile. Raphaeli alikohoa, kisha akasema jambo lililokuwa linamuuma kuliko kichomi.

"Wamenionyesha karatasi ya kukubali kuhama. Ina dole gumba."

"Dole gumba la nani?"

"Wanasema langu."

Ruti alimtazama. Raphaeli alikuwa katibu wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Vyeti vya ubatizo vya nusu ya mji ule vilijazwa kwa mwandiko wake uliolala kidogo kuliani, na cheti cha Mika kilikuwa kimojawapo, maana Mika alibatizwa akiwa mtu mzima, alipotaka kuoa. Mika alijua vizuri kabisa kwamba mtu yule hakuwa wa kuweka dole gumba.

"Mika alikuwepo?" Ruti aliuliza.

"Alikuwepo. Ndiye aliyeishika taa wakati wananisomea."

Siku ya kumi na moja tangu aachiwe, Raphaeli alifariki. Walimzika kando ya baba yake, kwenye makaburi ya ukoo, pale ambapo mngurumo wa maporomoko unasikika lakini matone hayafiki. Mika alihudhuria. Alivaa suti nyeusi, akatupa udongo, akamshika Ruti mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, shemeji. Kazi ya Mungu."

Ruti aliuchomoa mkono wake.

Miezi minane baadaye tingatinga lilikuja kusawazisha mahali pa kuegesha magari. Ramani ilichorwa na mtu ambaye hakufika Hasyombe, na kwenye ramani hapakuwa na makaburi. Ruti alikimbia hadi ofisini kwa Mika, akamkuta anakunywa chai.

"Makaburi yanasagwa," alisema.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa. Nasema Raphaeli anasagwa."

Mika aliweka kikombe chini taratibu. "Ungeleta barua ya pingamizi mapema. Mimi ni ofisa utamaduni tu, barabara si zangu." Alifikiri kidogo, uso ukachangamka. "Ila nina jambo la kukusaidia. Tunajenga nyumba ya asili pale kwenye lango. Tunahitaji mama mtu mzima, asage ulezi kwenye jiwe, aimbe nyimbo zetu, wageni wapige picha. Wewe ndiye mwimbishaji bora mlima huu. Njoo ufanye kazi."

Ruti alikubali.

Mji ulimsema. Wanawake waliokuwa wakiimba naye kwenye harusi na misiba walimkwepa kisimani. Nesta, mdogo wake wa tumbo moja, alipanda hadi kwake akiwa amefura.

"Dada, utakaaje pale uwachekee watu hawa? Kwenye ardhi yako?"

"Nataka niwe karibu naye," Ruti alisema.

Nesta alilainika, akamkumbatia. Alidhani anamsema marehemu.

Nyumba ya asili ilijengwa palepale lilipokuwa jiko la Ruti, nyasi juu na saruji iliyopakwa rangi ya udongo chini. Kila siku alikaa mlangoni amejifunga kaniki aliyopewa na ofisi, akisaga ulezi ambao hakuna aliyeula. Alisaga na kutunga wimbo. Jiwe liliendana vizuri na maneno. Ubeti wa kwanza ulimchukua wiki nzima, wa pili ulimjia kwa asubuhi moja. Hakuuimba kwa sauti hata mara moja. Aliukariri mdomo ukiwa umefungwa, na Mika alipopita na wageni wake, Ruti alimwinamia kwa adabu.

Siku ya uzinduzi walikuja watu wengi mno. Walipanda wafanyabiashara kutoka Tunduma na malori yao yaliyopambwa matawi, na wakulima wa vilima vyote vya jirani na watoto mgongoni. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi mnene mwenye tabasamu, aliyetoka mbali na asiyejua hata salamu ya Kinyiha, lugha ya mlima ule. Viti vya heshima vilipangwa chini ya turubai, kwenye uwanja wa magari uliomwagwa kokoto. Jofrey alikuwa na kipaza sauti chake, na Redio Safu ilikuwa inarusha sherehe moja kwa moja hadi Isongole.

Mika alimtambulisha mwenyewe. "Sasa mama yetu Ruti atatuburudisha kwa lugha yetu ya asili!"

Ruti alisimama na manyanga mkononi. Aliyatikisa mara tatu, akaanza kwa sauti ya chini ambayo ililazimisha watu wanyamaze ili waisikie.

Kwa Kinyiha aliimba, "Mmeketi vizuri, wakubwa. Chini ya viti vyenu amelala Raphaeli. Mika mwana wa Kasiani, nawe ulikuwepo."

Wakulima waliacha kutafuna miwa. Chini ya turubai, mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kwa kufuata manyanga.

"Anasema nini?" alimuuliza Mika. "Chukua kipaza sauti, tafsiri, tusikie sote."

Mika alipewa kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili. "Anasema... karibuni mketi, wageni wetu. Viti ni vyenu."

Watu wakapiga makofi chini ya turubai. Nje ya turubai hakuna aliyepiga.

"Mkono ulioandika majina yetu kwenye vyeti," aliimba Ruti, "mliugeuza dole gumba. Mika mwana wa Kasiani, nawe ulikuwepo."

"Anaushukuru uongozi," alisema Mika, "kwa... kwa elimu."

"Mlimlaza kwenye saruji mwezi wa baridi. Alitoka na shamba, akarudi na kichomi. Mika mwana wa Kasiani."

Safari hii hakukimalizia kiitikio. Nesta, kutoka katikati ya umati, ndiye aliyejibu: "Nawe ulikuwepo!" Halafu wanawake wale waliokuwa wakimkwepa kisimani wakadaka, mmoja, watano, wote, na kiitikio kikapanda hadi kwenye mwamba na kurudi. Jasho lilikuwa limechora mstari mweusi kwenye kola ya Mika.

"Na hapo?" aliuliza mgeni rasmi.

"Hapo anasema hali ya hewa ya kwetu ni ya baridi, Mheshimiwa. Wageni waje na makoti."

Mheshimiwa alicheka hadi akafuta machozi. Akainuka, akaingia uwanjani, akacheza mbele ya Ruti, miguu ikichimba kokoto, na wapambe wake wote wakainuka wakacheza nyuma yake, na Mika naye, kwa kuwa asingeweza kubaki amekaa, akacheza. Ruti alimtazama akicheza. Tangu msiba, siku hiyo ndipo chakula kilipoanza tena kuwa na ladha kinywani mwake.

"Wimbo huu usipotee," alitangaza Mheshimiwa akihema. "Naagiza, kila mgeni atakayefika hapa aimbiwe wimbo huu wa kukaribishwa."

Sherehe ilipokwisha Jofrey alimfuata Ruti. "Mama, nipe maneno mawili matatu ya taarifa ya habari."

"Wewe ni Mnyiha, umezaliwa Ihanda, Jofrey. Si umesikia?"

Jofrey alitazama pembeni, akaanza kukunja waya wake. "Nimesikia, mama. Lakini redio ni ya Kiswahili."

Jioni ile taarifa ilisema kwamba mjane mmoja wa Hasyombe amewakaribisha wageni kwa wimbo wa shukrani, na kuwakumbusha waje na makoti.

Kesho yake asubuhi Mika alimkuta Ruti kwenye jiwe lake.

"Shemeji, badilisha maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

"Si ni ya kuwakaribisha wageni? Wewe mwenyewe ulisema, na kipaza sauti mkononi."

"Naweza kukufukuza kazi leo hii."

"Nifukuze, Bwana Mika. Wataniuliza kwa nini, na mimi nitawajibu kwa Kiswahili."

Mika aliondoka. Kuanzia siku hiyo, kila mgeni alipofika, ofisa utamaduni alitakiwa awepo kutafsiri. Ruti aliongeza beti. Alitia wa tingatinga. Alitia wa taa aliyoishika Mika. Mika alikonda. Kwenye harusi moja watu walianza kiitikio kile alipoingia tu, akaondoka hata pilau halijapakuliwa, na mkewe akabaki amekaa peke yake. Ruti alizisikia habari hizo na usingizi ukawa unamjia mapema.

Mwaka ukapita, na mwingine. Hapo ndipo jambo lilipoharibika, polepole, bila mtu kuonekana akiliharibu. Vijana wa mjini waliuchezea wimbo ule kwa kinanda. Nyumba ya wageni iliyofunguliwa karibu na maporomoko iliufanya mlio wa simu. Bango kubwa liliwekwa langoni na picha ya Ruti, na chini yake tafsiri ya Mika, neno kwa neno, pamoja na makoti. Mika alipandishwa cheo, na mashavu yakarudi. Asubuhi moja Ruti alimsikia anakuja kutoka upande wa mtoni, anapiga mluzi. Alikuwa anaupiga mluzi wimbo ule. Aliupiga vizuri, hata pale sauti inapopanda penye jina lake mwenyewe.

"Habari za asubuhi, shemeji," alisema, akapita.

Mwaka 2015 ilikuja shule moja ya Tunduma, mabasi mawili, watoto wa wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi. Wengi wao hawakujua lugha ya mlima. Mwalimu wao, kijana mkunjufu aliyeitwa Twaibu, aliwapanga mistari, kila mmoja na daftari. Walikuwa wameufanyia mazoezi wimbo ule darasani, waliuchukua kutoka redioni. Waliuimba wote kwa pamoja, wamesimama kwenye kokoto, sauti nyembamba zenye furaha, kwa Kinyiha wasichokielewa: "Mika mwana wa Kasiani, nawe ulikuwepo!" Mika mwenyewe alisimama mbele yao, anawapigia makofi ya kufuata mdundo.

Msichana mmoja mwenye hijabu nyeupe, jina lake Yasmini, alimsogelea Ruti.

"Bibi, mstari wa kwanza maana yake nini?"

Ruti aliacha kusaga. Kwa Kiswahili safi, polepole, ili kila mtoto asikie, alisema: "Maana yake, mahali mliposimama pamezikwa mume wangu. Na huyu mzee anayewapigia makofi anajua aliyemuua."

Watoto wawili waliinua miguu, wakatazama kokoto. Mwalimu Twaibu alimgeukia Mika.

Mika alitabasamu. "Ni masimulizi ya kale ya kabila letu, mwalimu. Bibi zetu hawa wanayatunza vizuri sana. Ndiyo utamaduni wenyewe."

"Aa," alisema Mwalimu Twaibu, na mabega yake yakashuka. Aliwageukia watoto. "Mmesikia? Andikeni: masimulizi ya kale."

Kalamu zikainama. Yasmini alimtazama Ruti mara moja zaidi, kisha naye akaandika.

Ruti alichukua manyanga. Alitunga papo hapo, macho yakiwa usoni kwa mwalimu. Ubeti ulikuja mwepesi kuliko zote. "Twaibu mwalimu," aliimba kwa Kinyiha, "umeambiwa, ukafunga masikio, ukawafunga na watoto. Twaibu, nawe ulikuwepo."

Watoto waliposikia jina la mwalimu wao kwenye wimbo, walirukaruka kwa shangwe. Mwalimu Twaibu aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kushukuru, akampa mtoto mmoja simu yake ampige picha.