Biskuti za Sikukuu Mwezi Usio Wake

Wifi alikuwa na siku nne hajatia kitu mdomoni isipokuwa maji ya kijiko. Akiletewa uji, anageukia ukutani. Akiletewa mchuzi, anafunga mdomo kama mtoto anayenyweshwa dawa. Muuguzi aliyekuja kumtazama alifunga mkoba wake, akamvuta Chapuchapu pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, sasa atakachotaka mpe. Chochote kile."

Chapuchapu ndilo jina alilobandikwa na huyo huyo wifi yake, siku alipoingia nyumba hii bi harusi, akatumia asubuhi nzima kuosha sufuria mbili. Miaka arobaini na moja imepita. Mume wa Chapuchapu, ambaye ndiye kaka wa wifi, alishatangulia. Wamebaki wao wawili, na kazi yao kubwa ni kusemana.

Asubuhi hiyo wifi akafumbua macho.

"Nataka biskuti za sikukuu."

"Za sikukuu? Wifi, sikukuu bado miezi mitano."

"Nimekuuliza kalenda mimi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chapuchapu akafanya haraka. Alichunga unga, akautwangia iliki, akatia siagi yote iliyokuwepo, maana anawekea nini tena? Akakata biskuti kwa mdomo wa bilauri ndogo, kila moja akaichora mistari mitatu kwa uma. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Za kwanza zikaungua chini. Za pili zikatoka na rangi ile yenyewe, na moyo wake ukamdunda kama wa msichana. Angalau moja ataila. Hata nusu.

Lakini harufu ya iliki haijui kukaa ndani. Kabla hajaipua zote, fundi wa cherehani wa jirani alikuwa mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Shikamoo bibi. Kuna harusi hatukuambiwa?"

Sauti nyembamba ikatoka chumbani, "Nani huyo?"

"Fundi wa cherehani."

"Mpe."

"Wifi, anza wewe kwanza, nimezipika kwa ajili yako."

"Mpe, nimesema. Na aje ale hapa, nimwone."

Hiyo ilikuwa sheria ya wifi tangu zamani: biskuti za sikukuu hanyimwi mtu, hata mgomvi wako. Fundi akaingia, akala amesimama kando ya kitanda, akasema mbona safari hii ni tamu kuliko za mwaka jana.

"Za mwaka jana alizipika kwa mwendo wake huyu," wifi akasema. "Sikukuu imeisha, watu wameshafua nguo, yeye ndiyo kwanza anatafuta sukari."

Fundi akacheka mpaka akapaliwa. Chapuchapu naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye sahani iliyo karibu na mto. Haijaguswa.

Akaja mwalimu mstaafu na mkewe. Wakaja dada wawili wa saluni, mmoja nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Hata msoma mita wa maji, kijana asiyewahi kupita hatua moja zaidi ya bomba, naye alikwama.

"Mimi nimekuja kusoma mita tu, bibi."

"Soma," wifi akaita kutoka ndani, "ukimaliza uje ule."

Kila mtu akiondoka, Chapuchapu anaweka nyingine mkononi mwa wifi, na kila anayeingia anapewa hiyo hiyo. Alijaribu kuficha sita chini ya kanga. Wifi akamwambia bila hata kugeuza kichwa, "Zitoe, zitatoa jasho." Afanye nini? Amkamate taya? Mtu hafunguliwi mdomo kwa nguvu, na huyu hata alipokuwa mzima hakuna aliyemweza.

Jua lilipoanza kulala juu ya mabati, biskuti zilikuwa zimebaki tisa.

"Mzee wa viatu hajaja," wifi akasema.

Mzee wa viatu alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara. Ujanani alimposa wifi, naye akamjibu, "Nisubiri sikukuu ipite." Ikapita. Akamwambia asubiri nyingine. Ndiyo imekuwa hivyo, na kila sikukuu mzee huja, hulalamika kwamba biskuti ni ngumu kama soli, hula saba, huaga. Hakuoa.

"Mpelekee," wifi akasema. "Mwambie aje mwenyewe."

Chapuchapu akavuka barabara na sahani. Mzee alikuwa ameinamia kiatu, misumari midogo imepangwa midomoni. Hakuinua uso.

"Kaka, umeisikia harufu yake tangu asubuhi."

Akaitoa misumari mmoja mmoja. "Nimeisikia."

"Anakuita. Watu wote wamekuja."

"Hizo ni za sikukuu, shemeji. Mimi huzila siku yake." Akakigeuza kiatu mkononi. "Nikizila leo, siku hiyo nitakuja kula nini? Nitakuja kumwona nani?"

Sahani ikawa nzito.

"Mwambie yeye ndiye anisubiri," mzee akasema. "Mimi nimemsubiri vya kutosha. Miezi mitano ni kitu gani?"

Akarudisha misumari mdomoni, akagonga.

Chapuchapu akarudi polepole, mwendo wake wa siku zote. Wifi alikuwa anatazama mlango.

"Yuko wapi?"

"Amekataa. Amesema umsubiri mpaka sikukuu yenyewe."

Wifi akaivuta sahani. Akaokota biskuti moja, akaishika kwa vidole viwili, akaipeleka puani, akainusa sana. Chapuchapu akainama karibu. Midomo ikafunguka kidogo.

"Mbishi," wifi akasema. "Tangu ujana wake mbishi." Akairudisha kwenye sahani. "Hii ni yake. Mwekee kwenye kopo."

"Na wewe, wifi? Kipande tu. Unilambie hata makombo."

"Nimeshiba. Leo nimekula na watu wengi." Akafumba macho. Chapuchapu alidhani amelala, ndipo akasikia, "Kesho pika tena. Harufu ikimwingia siku mbili, tatu, atavuka mwenyewe."

Chapuchapu akampangusa vidole visivyo na hata chembe, akamfunika miguu. Halafu akaenda jikoni, akafunua debe la unga, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutazama umebaki wa kupika mara ngapi.