Magloire Anamuuliza Binti Yake

Munganga wa hospitali ya Bukavu alimukata Magloire kansa pamoja na nusu ya kaakaa, na tangu siku ile maneno yake yalipita puani. Maji pia. Kule kijijini kwake, Wamaza, ni mutu mumoja tu aliyemuelewa: Sarah-Grâce, binti yake. Baba akinguruma, yeye anawaelezea watu.

Sasa binti anaolewa. Na mali ya wakwe, yaani mahari, haiguswi mpaka baba amuulize binti, mbele ya wote, kama waipokee.

"Yaya, niache niulize mimi," Fabrice, mudogo wa Magloire, akamuambia kaka yake. "Hawa wakwe ya Salamabila wanapenda kucheka."

"Wacheke. Mutoto ni wangu."

Kule hospitalini walikuwa wamemutengenezea kipande cha plastiki chenye meno, cha kuziba lile tundu la kaakaa. Fundi alimuonya: kivae, sema kwa sauti kila siku, hata kikiuma. Kusema na nani? Muke wake Victoire alifia juu ya pikipiki, akipelekwa hospitalini Kasongo, kwa sababu daraja lilianguka na wakubwa wanalijenga kwa mudomo tu. Basi Magloire akawa anaingia peke yake katika shamba lake la mihogo na kuwagombeza hao wakubwa kama vile wako mbele yake.

"Bwana mukubwa, daraja iko wapi? Wewe unapita barabara gani?"

Mwanzoni ilitoka "mwana mukumwa". Akarudia, fizi zikivuja damu, mpaka bwana akawa bwana.

Siku ikafika. Mbuzi wamefungwa, vitenge viko juu ya mukeka. Roger, musemaji wa wakwe, akatania:

"Tunasikia mukwe wetu anasemea puani. Tumemuletea ugoro!"

Uwanja muzima ukacheka. Fabrice akataka kuinuka. Magloire akamukalisha kwa kumuvuta shati, akasimama mwenyewe. Akakisukuma kile kipande kwa ulimi, kikakaa.

"Sarah-Grâce, binti ya Victoire. Hii mali, tupokee?"

Sauti ilikwaruza, lakini ilitoka mudomoni. Binti, kwa mazoea, akawageukia wageni: "Baba anauliza kama..."

"Nyamaza! Wamesikia. Wewe jibu."

"Tumesikia, mukwe," Roger akasema. Hakucheka.

"Mupokee, baba," binti akajibu, machozi yakimutoka.

Vigelegele vikaanza. Magloire akainua mukono, vikakatika. Desturi inataka kuuliza mara moja tu. Yeye akauliza tena, polepole zaidi, akisikiliza sauti yake mwenyewe, na hakuna aliyemuharakisha.