Bamba la Kiti cha Mzee Pole

Fundi alilala chali chini ya kiti cha rubani, spana mkononi, akifungua alichokifunga mwenyewe. Uwanjani walimwita Nati, kwa kuwa miaka mitatu ya vita hakuwahi kuacha hata moja ikilegea. Leo alikuwa anang'oa nne kwa mpigo, za bamba la chuma linalomkinga rubani na risasi za kutoka chini.

Hesabu ya uzito ilikuwa yake. Rubani hupewa idadi tu, naye huiamini. Jua la saa saba huifanya hewa kuwa nyepesi, na helikopta ile kuukuu ingeinua majeruhi wanane, basi. Wa kumi katika orodha iliyosomwa redioni alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, amepigwa tumboni. Bamba lilikuwa na uzito wa watu wawili. Damu ni nzito kuliko maji, na siku hiyo ilikuwa nzito kuliko chuma.

"Nati, tunabeba wangapi?" aliuliza rubani mkuu akipanda. Walimwita Mzee Pole, maana hata katikati ya mizinga huongea kama anayeagiza chai.

"Kumi, afande."

"Kumi! Leo umeamka vizuri. Jana ulininyima hata begi langu."

Rubani msaidizi, mwanamke asiyependa utani kabla ya kuruka, alimtazama Nati kidogo, kisha akavaa kofia yake. Hapo ndipo Nati angesema. Mdomo alikuwa nao, ulimi alikuwa nao. Akaufyata, akaenda kushika rashasha ya mlangoni.

Kilimani walipokewa kwa moto. Nati alifyatua mpaka maganda ya risasi yakamuunguza miguu. Aliona mtu akikatika kiunoni ukingoni mwa handaki, asijue ni mwenzao au ni adui. Wabeba machela walikuja mbio wameinama. Mmoja akaanguka hatua tano kutoka mlangoni, nusu ya uso haipo, na majeruhi wake akatambaa mwenyewe akiburuta mguu ulioning'inia kwa ngozi. Nati aliwavuta kwa mikanda, kwa kola, kwa nywele. Wa kumi alimvuta kwa mikono miwili, akamlaza juu ya wenzake.

"Kaka," alisema mdogo wake, ameyashikilia matumbo kwa shati.

"Nyamaza. Tunakwenda zetu."

Helikopta ikainuka ikitetemeka. Kabla haijafika kimo cha miti, risasi tatu zilipenya sakafu ya mbele. Nati alimsikia Mzee Pole akisema "aa" katika spika za kofia yake, kwa sauti ileile ya chai. Zilimwingia pajani zikatokea begani. Damu iliruka ikafunika kioo, mashine ikalala ubavu, nyasi zikaonekana dirishani. Rubani msaidizi alidaka usukani, akaisukuma maiti kwa kiwiko, akaapa matusi yote aliyoyajua mpaka ndege ikanyooka.

Uwanjani majeruhi kumi walishushwa, wote hai. Mdogo wake alikimbizwa hema la upasuaji. Rubani msaidizi aliinama chini ya kile kiti, akaona matundu manne yaliyo tupu.

"Umelitoa lini?"

"Kabla hamjapanda. Mdogo wangu alikuwa wa kumi."

Alimzaba kofi, la pili likafuata, kisha mkono ukamshuka.

"Ungemwambia, angekubali," alisema. "Ndicho kinachoniuma, Nati. Angekubali, na utani angekutania. Wewe hukumpa nafasi."

Nati alilia mbele ya wajaza mafuta, kamasi zikimtoka, wala hakujificha. Alimpenda yule mzee, na alikuwa amemuua.

Redio iliita. Rubani msaidizi alisikiliza, akajibu, akarudi kwenye kiti chake cha kushoto huku damu ya mwenzake ikimkaukia shingoni.

"Wamebaki kumi na watatu. Tunabeba wangapi?"

"Kumi na mmoja, afande. Kiti cha mzee hakina mtu."

"Na bamba langu likitoka?"

"Wote."

"Basi niulize. Kama ulivyopaswa kumuuliza yeye."

Nati alichukua spana, akapiga goti kando ya kiti.

"Afande, nilifungue?"

"Lifungue," alisema, akainua miguu ili fundi apite.