Siku Redio Alipofyata Ulimi

Katika karakana ile ya kushona sare za shule siri haikukaa, na sababu ilikuwa mtia vifungo. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Wote walimwita Redio. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana ungelikuta getini limeshatiwa chumvi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na roho safi na mdomo usiojua kupumzika.

Zahanati ilipoomba kila mahali pa kazi pawe na mtu mmoja wa kufundishwa kupima presha, wenzake walimtaja yeye huku wakicheka. Yeye hakucheka. Miaka ya nyuma mama yake alianguka jikoni akiwa na sufuria mkononi, akapooza upande mzima, akafa bila mtu yeyote kuwahi kumfunga ule mkanda wa kupimia. Sasa dada yake mkubwa, mkata vitambaa wa karakana hiyohiyo, alikuwa amefikia umri uleule aliofia mama yao. Kila jioni alijifunga kitambaa kichwani, akakikaza, akasema ni uchovu wa macho tu. Redio alijifunza ile mashine kwa ajili ya mkono mmoja, nao ni mkono wa dada yake.

Siku ya kwanza tu akaharibu. Aliweka meza katikati ya vyerehani, na wa kwanza kukaa akawa mpiga pasi, mtu wa miraba minne. Namba ilipotokea Redio alishtuka, na maneno yakamponyoka.

"Mia moja themanini! Kaka, hivi unatembeaje?"

Vyerehani vikanyamaza, kisha watu wakavunjika mbavu. Kutwa nzima mpiga pasi akaitwa Bomu, akaambiwa akae mbali na moto. Maskini alishusha mkono wa shati lake, akarudi kwenye pasi. Zahanati hakwenda, na hakuna mwingine aliyekaa kwenye kile kiti. Dada mtu ndiye aliyekuja juu kuliko wote.

"Mkono wangu huupati," alisema, mkasi ukiendelea kula kitambaa. "Nikikutwa mgonjwa, nikazisikie habari zangu chooni?"

Redio alienda kulia nyuma ya karakana, kwa aibu na kwa hofu, maana dada yake alikuwa amesema kweli tupu.

Asubuhi iliyofuata alimwendea mpiga pasi.

"Kaka, nimekukosea. Sina la kujitetea."

"Ukirudia, nakunyoosha kwa hii pasi."

"Anzia mdomoni, kaka."

Mpiga pasi akajitahidi asicheke, akashindwa.

Redio akahamishia meza yake stoo, nyuma ya majora ya vitambaa, akashona pazia la mabaki ya kijani, kaki na bluu. Kila saa ya chai alikaa mle peke yake, mashine mapajani, kama muuza miavuli wakati wa kiangazi. Hakuna aliyekuja. Nje alisikia vikombe na vicheko, na katikati yake sauti ya dada yake akiomba dawa ya kichwa.

Kisha siku moja pazia likasogea. Alikuwa mpiga pasi, analalamika anaona ukungu. Hawakukawia mle ndani. Alipotoka alichukua koti lake, akashika njia ya zahanati. Karakana nzima ikamgeukia Redio.

"Haya, Bomu kapata ngapi?" aliuliza mshona kola.

Redio akatunga uzi kwenye sindano.

"Vipi, betri zimekwisha?"

Watu wakacheka. Redio aliuma midomo mpaka ikamuuma kweli, maana habari yenyewe ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akashona kifungo, akashona kingine. Hakufungua kinywa mpaka jioni, jambo ambalo karakana ile haikuwahi kuliona.

Njiani kurudi nyumbani dada yake akamsogelea.

"Niambie mimi. Hali yake mbaya?"

"Sisemi, dada."

"Mimi nawe tumenyonya ziwa moja."

"Najua. Lakini hayo ni yake."

Dada mtu akasimama barabarani. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alimtazama mdogo wake kama anayemwona upya, kisha wakaendelea na safari.

Kesho yake saa ya chai, dada mkubwa akaingia stoo, mkono wa gauni umeshakunjwa.

"Fanya haraka kabla sijaghairi."

Mkanda ukakaza. Namba ilipotokea ilikuwa kubwa kuliko ya mpiga pasi. Safari hii Redio hakupiga kelele. Aligeuza mashine ili dada yake aisome mwenyewe, akamnong'oneza:

"Twende leo, dada. Sasa hivi. Nakusindikiza."

Dada yake akaushika mkono wake. "Kumbe na mama alikuwa hivihivi," alisema.

"Mmewahi," daktari wa zahanati aliwaambia. Presha ya namna ile, alisema, humwangusha mtu bila kupiga hodi. Akaandika vidonge vya kila siku, akakataza chumvi. Dada mkubwa aliilalamikia hiyo chumvi wiki nzima, lakini vidonge alivimeza.

Baada ya hapo stoo ikajaa foleni. Aliyeipanga alikuwa mpiga pasi, naye alikuwa mkali kama askari wa getini.

Miezi ikapita. Asubuhi moja dada mkubwa alitoka nyuma ya pazia, kichwani hana kitambaa. Akagonga meza kwa mkasi mpaka vyerehani vikasimama.

"Nisikilizeni nyote! Mia moja ishirini na nane kwa themanini!"

Vigelegele vikapaa mpaka kwenye mabati. Mpiga pasi akainua pasi juu kama kombe. Dada mkubwa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Umri wa mama nimeupita," alisema. "Nimeupita, na nipo!"

Wote wakamgeukia Redio. Akajifuta machozi, akainua mikono.

"Mimi sijasema kitu," alisema.