Seline Hapigi Sufuria

Kuna neno lililomwingia Lorine sikioni pale ufuoni Luanda Kotieno, likakataa kutoka: Seline hapigi sufuria. Nyawawa wakipita, wale pepo wanaotoka ziwani na sauti ya upepo, kila nyumba hugonga sufuria kuwafukuza. Kwa Seline kimya. Na mjane huyu anacheka kutwa! Furaha hiyo anaitoa wapi, kama si kwa hao hao?

Lorine alikuwa mtu wa kanisa. Alifunga, alitoa sadaka, alikuwa mwema kwa majirani, na bado moyo wake haukutulia. Basi akaamua mwenzake amepata furaha kwa njia nyingine, na akalisema hilo ufuoni kwa sauti. Kilichomtia hofu ni binti yake Adero, aliyemsaidia Seline kuanika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Leo ndio mwisho wa kwenda kwake."

"Aii mama, amekosa nini?"

"Anacheka sana."

Alasiri hiyo ziwa likageuka jeusi. Upepo ukaja na mlio kama wa watu wengi wanaolia matangani. Wanawake wakaacha omena kwenye nyavu, wakakimbilia nyumbani. Sufuria zikalia kijiji kizima. Lorine naye akagonga yake kwa mwiko, akageuka: Adero hayuko.

Alishuka ufuoni mbio, huku anagonga, huku anaomba. Akasimama ghafla. Seline na Adero walikuwa wamepiga magoti mchangani, wanazoa omena kwenye wavu, wanaimba wimbo wa kanisani. Na wavu ule ulikuwa wa Lorine.

"Mama Adero! Unampigia nani ngoma? Lete hiyo sufuria tujaze!"

Akaileta. Walipofika bandani kwa Seline mvua ikashuka yote. Wavu wa Seline ulikuwa bado nje, omena wake wote wakalowa wakaharibika.

"Haya, kuku watashiba wiki hii," Seline akasema, akacheka.

"Kwani wewe huogopi nyawawa?"

"Naogopa! Shika goti hili uone linavyotetemeka. Lakini nikigonga sufuria, nasikia sufuria tu. Nikimwita Mungu na mikono iko kwa kazi ya mtu, woga unakaa chini wenyewe."

"Na ulijua ni mimi nimekusema?"

"Nani hajui, Mama Adero? Una sauti kuliko hiyo sufuria."

Lorine akamtazama. Uso ule uliolowa ulikuwa umetulia hivi kwamba mwili ulimsisimka. Akajikuta amevua ndala zake, hajui kwa nini. Upepo ukapita juu ya banda kama ng'ombe wanaoenda zao.

"Mama," Adero akauliza polepole, "kesho nije?"

"Tutakuja wote."

Wewe mama mwenye wasiwasi, epuka haya:

Kuogopa kicheko cha mjane.
Kufunga na kuomba ili ulipwe furaha.
Kumtoa mtoto mahali pema kwa sababu ya maneno ya ufuoni.
Kukaa unamchunguza mwenye amani badala ya kumsaidia kuzoa.
Kukimbia na sufuria tupu.