Kichwa Hakiachwi Chini

Shehena ya kuni za kuchomea nyama ilikuwa imefika ghalani Kanada kutoka Texas. Brice alipokata kamba ya mzigo wa kwanza, kitu kikaanza kulia ndani yake kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo.

"Shemeji, rudi nyuma!" Léonard alitupa ufagio.

Nyoka akamiminika kwenye sakafu ya ghala. Alikuwa mnene kuliko mkono wa Brice, na angenyooshwa angempita kwa urefu. Lakini hakuwafuata. Alijikunja ukutani, mkia juu, ukilia. Léonard, aliyekulia Uvira, Kongo, kwenye nyoka aina ya moma wanaouma bila hodi, alistaajabu: mnyama mwenye nguvu zote hizi alikuwa anaomba nafasi tu.

"Anatuonya. Tufunge mlango, tuite wenye kazi yao."

"Nyoka wa kuonya! Kanada imekulainisha kweli, shemeji."

Brice alikwisha kushika koleo. Pigo la kwanza likampasua nyoka mgongo. Akafyatuka, meno yakagonga chuma, sumu ikachuruzika. Brice akapiga tena na tena, huku akitukana, damu ikimrukia suruali, mpaka kichwa kikatengana na mwili. Mkia uliendelea kulia.

"Kichwa hakiachwi chini," Léonard akasema. Maneno yalimtoka yenyewe, kama salamu. Kwao kichwa cha nyoka huchomwa papo hapo, asije mtu akakanyaga meno. "Kichukue, tukakichome nje."

Brice akakiokota kwa glavu yake. Kinywa, kikiwa bado na uhai, kikafunguka, kikamng'ata kidole, kikang'ang'ania. Alipiga yowe, akakibamiza ukutani pamoja na mkono wake mpaka kikaanguka.

Donatienne, mke wa Brice, alikuja mbio kutoka kwenye meza za kufungashia. Alikuwa dada yake Léonard, na hakukosa kutembea na jiwe jeusi la kunyonya sumu. Akalitoa mkobani, na wembe.

"Mshike, nimchanje."

Mkono ulikuwa umeshaanza kuvimba. Léonard akamdaka dada yake kifundo cha mkono.

"Usimchanje. Piga simu, ambulansi ije."

"Niache! Jiwe hili lilimponya mama!"

"Mama aliumwa na nyoka gani? Hatujui. Huyu tumemwona alivyo."

Donatienne alivuta mkono kwa nguvu zote. Wembe ukamchana Léonard kiganja chote, damu ikawatiririkia wote wawili. Hakumwachia.

"Mama Darlène," Brice akamwambia mkewe huku akitapika, "piga simu."

Wembe ukaanguka.

Dawa ya hospitali iliuokoa mkono. Kidole cha shahada kilikatwa. Léonard alipokuja kumwona, kiganja chake kikiwa kimefungwa bandeji, Brice alijiinua kitandani.

"Kichwa mlikichoma?"

"Nilikifunika kwa ndoo. Wenye kazi yao wakaja kukichukua."

"Na ni wewe uliyeniambia nikiokote."

"Ni mimi."

Brice akafumba macho.

"Basi pua yangu ikiwasha, shemeji, utakuja kunikuna wewe."

Léonard akasogeza kiti karibu, akakaa.